Mkono Husahau

Mdoli hujazwa maji kwanza. Bila maji ni ganda jepesi la plastiki ambalo waweza kulikunja ukalitia mkobani. Ukishaujaza maji ya uvuguvugu unapata uzito wa mtoto mchanga: kichwa kinaning'inia usipokishika, na mikono inalegea pembeni kama ya mtoto ambaye wakunga wetu husema "amechoka". Vipira vidogo vimeunganishwa nao kwa mirija. Mfundishaji akibonyeza kimoja, kitovu kinapiga. Akibonyeza kingine, mtoto analia. Asipobonyeza chochote mtoto yuko kimya, na mkunga aliyesimama mbele yake ana dakika moja ya kuamua la kufanya.

Mdoli huu unaitwa NeoNatalie. Unatengenezwa na kampuni ya Laerdal ya mjini Stavanger, Norwei, iliyoanza mwaka 1940 kwa vitabu vya watoto na vitu vya kuchezea, kisha mwaka 1960 ikatoa sanamu ya Resusci Anne, ile ambayo watu wengi duniani wamejifunzia kumpulizia hewa mtu aliyezimia. Mikono iliyozoea kuunda midoli ya watoto kuchezea ikaishia kuunda mdoli wa kuwafundishia wakubwa namna ya kumzuia mtoto asife. Sura hii inawahusu madaktari na watafiti walioupeleka mdoli huo katika chumba cha kujifungulia, wakautazama kwa miaka, wakaandika walichokiona katika majarida ya kitabibu. Nimeichagua habari yao kwa sababu walichokiona mara ya kwanza sicho walichokuwa wakikitafuta, nao wakakiandika hivyo hivyo.

Ukitoka Singida mjini kuelekea kaskazini, ukaipita Ilongero na mashamba yake ya alizeti, baada ya kilomita 90 hivi unavuka mpaka wa mkoa na kufika Haydom, wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara. Mpaka huo uko kwenye ramani. Kwa mama wa wilaya ya Mkalama, upande wa Singida, aliyeshikwa na uchungu tangu jana na mtoto hatoki, hospitali haina mkoa. Kuna iliyo karibu na iliyo mbali, kuna yenye chumba cha upasuaji na isiyo nacho. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, imekuwa ikiwapokea akina mama wa upande wa Singida tangu siku zake za mwanzo. Katika benchi lake la kusubiria utasikia Kiiraqw, Kidatoga, Kinyiramba na Kinyisanzu, na mara moja moja Kihadzabe cha watu wanaotoka Munguli na kandokando ya Ziwa Eyasi. Sidhani kuna hospitali nyingine Tanzania ambako lugha zisizo na undugu kiasi hicho hukaa benchi moja. Nesi anayepita hapo huwaambia wote "sukuma, mama" kwa Kiswahili, na wote wanamwelewa.

Singida yenyewe haikukaa bila shule ya ukunga. Kiomboi ina chuo chake cha uuguzi, Makiungu ililelewa na masista madaktari wa shirika la Medical Missionaries of Mary, na Itigi ina Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Vizazi vya wauguzi vimepita humo. Jambo lililowashughulisha watafiti wa Haydom si kama wauguzi wetu wamesoma. Wamesoma. Lililowashughulisha ni hili: mtu aliyesoma, aliyefaulu, mwenye cheti kwenye faili, kwa nini usiku wa manane mkono wake unasita?

Tuanze na hesabu, maana ndizo zinazoonyesha uzito wa swali. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza akina mama 556 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Namba hiyo imeshuka kwa kasi ambayo watu wa afya hawaizoei. Sasa watazame watoto wanaofariki kabla ya kutimiza siku 28. Mwaka 2010 walikuwa 26 katika kila vizazi hai 1,000. Mwaka 2015-16 walikuwa 25. Mwaka 2022 walikuwa 24. Katika miaka 12 namba ya wachanga ilisogea hatua mbili tu. Akina mama waliletwa hospitali, damu ikapatikana, vyumba vya upasuaji vikajengwa kwenye vituo vya afya. Lakini mtoto aliyezaliwa kimya alibaki mikononi mwa mtu mmoja, kwenye meza moja, kwa muda wa dakika chache.

Hege Ersdal ni daktari wa usingizi kutoka Stavanger. Kazi ya daktari wa usingizi, ukiiondolea mitambo, ni kuhakikisha mtu asiyeweza kupumua anapumulishwa. Labda ndiyo sababu alipofika Haydom jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye meza ile ndogo. Yeye na wenzake wa Haydom waliamua kufanya jambo linalosikika jepesi na ambalo ni gumu mno: kumtazama kila mtoto anayezaliwa. Waliwafundisha wasaidizi wa utafiti kusimama leba kwa zamu, usiku na mchana, wakiwa na saa ya kuhesabia sekunde. Hawakuwa wauguzi, wala kazi yao haikuwa kusaidia. Kazi yao ilikuwa kuandika: mtoto ametoka saa ngapi, amelia baada ya sekunde ngapi, nani amemsugua mgongo, mfuko wa hewa umewekwa usoni lini, umetolewa lini.

Nimewafikiria sana watu hao. Historia ya tiba ina majina makubwa ya wapasuaji na wavumbuzi, na mara chache sana jina la aliyekaa kwenye kona ya chumba saa nane za usiku akiandika sekunde. Ila bila wao makala zote zinazofuata zisingekuwapo.

Makala ya kwanza kubwa ilitoka mwaka 2012 katika jarida la Resuscitation. Kati ya watoto 5,689 waliozaliwa hai Haydom wakati wa uchunguzi huo, 4,769 walianza kupumua wenyewe, wengi wao ndani ya nusu dakika. Waliobaki, 920, walihitaji mkono wa mtu: kusuguliwa, kusafishwa njia ya hewa, au kupumulishwa kwa mfuko na barakoa, kile kifaa ambacho kila nesi anakiita ambu bagi. Kiasi cha nusu yao walifika kwenye mfuko. Kisha ikaja hesabu inayopaswa kujulikana katika kila zahanati: kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu, hadi dakika ya sita.

Sekunde 30 ni muda wa kutafuta barakoa iliyo kabatini. Ni muda wa kuita "Dokta!" na kusubiri aitike. Ni muda wa kumfuta mtoto mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakulia.

Kabla makala hiyo haijatoka, mwaka 2010, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani pamoja na washirika wake walikuwa wametoa mafunzo yaliyoitwa Helping Babies Breathe, yaani kuwasaidia watoto kupumua. Yalitungwa kwa ajili ya mahali pasipo na daktari wa watoto wala mashine: mkufunzi mmoja, mdoli mmoja, picha za kufuata hatua kwa hatua, na sheria moja ya kukumbuka, kwamba dakika ya kwanza ni ya dhahabu, na isiishe kabla mtoto asiyepumua hajaanza kupewa hewa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoyajaribu mapema, na Haydom ikawa mojawapo ya hospitali nane za mwanzo.

Aprili 2010 wahudumu wa leba wa Haydom walipata mafunzo hayo kwa siku moja. Miezi saba baadaye watafiti wakawapima tena mbele ya mdoli. Kabla ya mafunzo, waliofaulu zoezi la kumfufua mtoto asiyepumua walikuwa asilimia 18. Baada ya miezi saba walikuwa asilimia 74. Kwa kawaida hapo ndipo ripoti inapofungwa. Mafunzo yametolewa, waliofundishwa wamefaulu, mfadhili amefurahi, picha ya pamoja imepigwa mbele ya bango.

Ersdal na wenzake hawakufunga ripoti, kwa kuwa walikuwa na kitu ambacho wengine hawana: daftari za wale watu wenye saa. Wakaenda kutazama watoto wa kweli waliozaliwa kabla ya mafunzo na waliozaliwa baada yake. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa kiasi cha 11 katika kila vizazi hai 1,000 kabla ya mafunzo, na vikabaki kiasi cha 11 baada yake. Namna wahudumu walivyowashughulikia watoto mezani haikuwa imeboreka. Mkono ulijua mbele ya mdoli, ukasahau mbele ya mtoto.

Makala iliyoeleza hayo ilichapishwa mwaka 2013, na kichwa chake chenyewe kilitamka bila kuficha kwamba kozi ya siku moja iliboresha utendaji wa mazoezi lakini si huduma ya watoto wenyewe. Naiheshimu makala hiyo kuliko nyingine zote katika habari hii. Watafiti waliopewa fedha, mdoli na mafunzo yenye jina kubwa duniani waliandika wazi kwamba walichokifanya hakikutosha. Ingekuwa rahisi kuchapisha ile asilimia 74 peke yake, na isingekuwa uongo. Lakini mtu fulani Dodoma au Dar es Salaam angeisoma, angeagiza semina za siku moja katika kila wilaya, na watoto wangeendelea kufa kwa idadi ileile huku vyeti vikiongezeka kwenye mafaili.

Kila mtumishi wa afya wa Tanzania anaijua semina ya siku moja. Unatoka kituoni kwako alfajiri, unafika makao makuu ya wilaya, unasaini karatasi ya mahudhurio, unasikiliza, unafanya zoezi mara moja au mbili kwa sababu mko 30 na mdoli ni mmoja, unapokea posho, unarudi. Unakuwa umejifunza kweli. Sisemi kwamba semina ni bure. Ila kujua kwa kichwa na kujua kwa mkono ni vitu viwili. Mpishi wa ugali hafikirii maji yachemke kiasi gani. Fundi wa baiskeli pale sokoni haangalii mnyororo anapouvuta. Na mtoto aliyezaliwa kimya hatoi nafasi ya kufikiri. Anachokihitaji ni mkono unaokwenda wenyewe.

Februari 2011 Haydom ikabadilisha njia. Mdoli ukatolewa darasani ukawekwa leba, mahali ambapo kazi inafanyika. Wahudumu wakaanza kufanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, hapo hapo, wakiwa zamu, kati ya mama mmoja na mwingine. Na mara moja kwa mwezi zoezi refu zaidi la dakika 40. Hakuna hoteli iliyokodiwa wala safari ya kwenda mjini.

Estomih Mduma, mtafiti wa Haydom, ndiye aliyeongoza makala ya matokeo, iliyotoka mwaka 2015. Alilinganisha mwaka mmoja na mwaka uliofuata: watoto 4,894 kabla ya mazoezi ya kila wiki na 4,814 baada ya kuanza. Vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila 1,000. Katika hospitali moja ya kijijini, tofauti hiyo kwa mwaka ni watoto wapatao 19. Jambo jingine likajitokeza, nalo linanifurahisha kama linavyomfurahisha mwalimu kuona mwanafunzi ameelewa. Watoto waliosuguliwa mgongo waliongezeka, waliofikia kuwekewa mfuko wa hewa wakapungua kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9. Naielewa hivi: mkono uliokwenda mapema ulitosha kwa kusugua. Mtoto aliyewahiwa hakufikia kuhitaji ambu.

Dakika tatu hadi tano kila wiki. Kwa mwaka mzima, hizo dakika ndogo ndogo zikijumlishwa, bila lile zoezi refu la kila mwezi, ni kama saa tatu au nne za mazoezi, pungufu kabisa ya semina moja. Ni saa chache, zimepangwa tofauti. Mvua ya masika ikinyesha yote kwa usiku mmoja haivunwi. Husomba udongo na kupita.

Hapa nitatoka kidogo kwenye chumba cha kuzalia, maana Singida inajua habari ya kujifunza kidogo kidogo kuliko mahali pengi, na haikuijulia kwa wema tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika vijiji vya Wanyaturu, lilienea jina la ugonjwa: lawalawa. Mtoto wa kike anajikuna, anapata vipele au usaha sehemu za siri, analia akikojoa. Daktari angeyaita maambukizi ya njia ya mkojo au ya uke, yanayotokana na uchache wa maji na usafi, na yanayotibika kwa dawa. Lakini serikali ilikuwa imeanza kuukemea ukeketaji, baadhi ya familia zilikuwa zimeuacha, na maelezo yaliyoshika ni kwamba mizimu imekasirika kwa kuachwa kwa mila. Tiba ikawa kumkeketa mtoto. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai, na badala ya kuisha, mahali pengi mkoani Singida kitendo kikahamia kwa watoto wachanga, ambao hakuna mwalimu wa kuwahesabu darasani wala mjumbe wa kuwaona.

Lawalawa haikuhitaji semina ili ienee. Ilifundishwa jikoni, kisimani, mama akimwogesha mtoto huku bibi akitazama. Maneno machache, kila siku, mahali pa kazi. Ndiyo njia ileile ambayo madaktari wa Haydom waliifikia kwa hesabu ya miaka mingi, na bibi zetu walikuwa nayo tangu zamani, kwa mema na kwa mabaya. Ninaposikia watu wakisema kwamba vijijini elimu haiingii, nawakumbusha lawalawa. Elimu inaingia sana. Ya hospitali ilikuwa inakuja mara moja kwa mwaka, na ya bibi kila asubuhi.

Namba za Singida zimeshuka. Wanawake wa umri wa uzazi waliokeketwa walikuwa asilimia 31 katika utafiti wa 2015-16, na asilimia 20 katika ule wa 2022, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 8. Najua kwamba kushuka huko kunatokana na mengi: polisi, makanisa na misikiti, wasichana waliosoma wakakataa. Nadhani pia kunatokana na nesi wa kliniki ya watoto anayemwambia mama yuleyule, kila anapokuja kupima uzito, kwamba huu ni upele wa nepi, mwoshe, mpake dawa hii, rudi Jumatatu. Maneno machache, kila mwezi.

Turudi leba. Kabla makala za Haydom hazijatoka, daktari mwingine alikuwa akiandika kutoka upande wa pili wa nchi. Hussein Kidanto, bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, alifanya shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, akaikamilisha mwaka 2009. Somo lake lilikuwa kuboresha huduma kwa kuvichunguza vifo vya watoto vilivyotokea Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Njia aliyoifuata ni kuketi pamoja, madaktari na wakunga, kulifungua faili la mtoto aliyefariki, na kuuliza bila kutafuta wa kumlaumu: wapi tulichelewa? Sehemu kubwa ya mafaili ilionyesha mahali ambapo huduma ilipungua, hasa mapigo ya moyo wa mtoto kutofuatiliwa, na muda mrefu kupita kati ya kuamua upasuaji na kuufanya.

Kuketi hivyo kunahitaji moyo. Aliyekuwa zamu yupo kwenye kiti, na anajua ni faili la nani.

Robert Moshiro, daktari wa watoto wa Muhimbili, akiwa na Ersdal, Kidanto na wenzao, alikwenda Haydom kuwauliza wakunga wenyewe swali ambalo saa ya sekunde haiwezi kulijibu: unapoushika mfuko wa hewa, nini kinakuzuia? Makala yake ya mwaka 2018 inataja kitu ambacho hakimo katika mtaala wa chuo chochote ninachokifahamu, yaani hofu. Mtoto amelala kimya, mama anauliza "mbona halii?", mkono unatetemeka, na mkunga hana hakika kama kifua kinapanda au yeye ndiye anayetetemeka. Waliyosema yanawasaidia ni mawili: kuwa na mwenzao kando, na kufanya mazoezi mara kwa mara. Mdoli ulikuwa unafundisha ujasiri pamoja na ufundi. Mtu aliyeibana barakoa ile Jumatatu iliyopita, na ile ya kabla yake, hofu humjia kama mgeni anayemfahamu.

Njia hizi zote zilikutana katika mpango mmoja mkubwa, ulioanza kupimwa mwaka 2021 katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Shinyanga, Geita na Mwanza. Wakunga walipewa vifaa bora vya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni na vya kumpulizia hewa, midoli ya kufanyia mazoezi, na takwimu za kituo chao wenyewe za kujitazamia. Kila kituo kilichagua wakunga wake wa kuwaongoza wenzao katika mazoezi ya mara kwa mara, ili mafunzo yasingoje mgeni kutoka mjini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika The New England Journal of Medicine, mojawapo ya majarida ya tiba yanayosomwa zaidi duniani. Katika watoto zaidi ya 270,000, vifo vya karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila 1,000. Punguzo halikulingana mkoa kwa mkoa, na waandishi wamelisema hilo pia.

Jina la kwanza kwenye makala hiyo ni Benjamin Kamala, Mtanzania. Nililitazama jina hilo kwa muda mrefu. Nikikumbuka kwamba makala za mwanzo kutoka Haydom ziliongozwa na wageni, na kwamba hii ya 2025 inaongozwa na Mtanzania, naona kazi nyingine iliyofanyika polepole, pembeni, bila tangazo. Ni elimu ya tiba pia: kumfundisha daktari kuuliza swali lake mwenyewe, kulipima na kuliandika.

Singida haikuwa katika ile mikoa mitano. Inapakana na Manyara upande mmoja na Tabora upande mwingine, kama mtu aliyeketi kati ya majirani wawili wanaokula. Ndiyo maana swali linalonisumbua ninapoandika haya haliko Haydom wala kwenye jarida. Liko kwenye zahanati.

Chukua zahanati moja ya ndani Mkalama inayozalisha akina mama 10 kwa mwezi. Tukitumia hesabu ya Haydom ya 2012, ambapo kiasi cha mtoto mmoja kati ya 12 alihitaji mfuko wa hewa, zahanati hiyo itakutana na mtoto wa namna hiyo mara 10 hivi kwa mwaka. Ukiwagawa kwa wahudumu wawili wanaopokezana zamu, kila mmoja atakutana naye mara tano. Mara tano kwa mwaka, na mara nyingi usiku, tochi ya simu mdomoni, mama mkwe mlangoni. Hapo ndipo mkono husahau upesi kuliko mahali popote, na hapo ndipo mazoezi yanahitajika kuliko mahali popote.

Zoezi lenyewe lilitungwa kwa ajili ya watu wawili. Mmoja anashika barakoa, mwingine anabonyeza vipira na kuamua kama mtoto atapumua au la. Katika zahanati yenye mhudumu mmoja kwa zamu, mdoli utajazwa maji, utalazwa mezani, barakoa itawekwa usoni. Mtu wa kubonyeza kipira hayupo.

Nimewauliza wauguzi kadhaa wangefanyaje. Mmoja, aliyefanya kazi peke yake vijijini kwa miaka mingi, alinijibu bila kufikiri: "Ningemfundisha mhudumu wa usafi. Yule mama yupo kila siku, na hakuna anayeijua leba ile kama yeye."